Sukari Iliyoungua Uani kwa Mageni: Maisha ya Anisia Gelasius, 1941–1988

Wasifu huu umeandikwa kwa agizo la marehemu mwenyewe. Aliagiza mambo mawili: usipambwe, na usifupishwe. Wenye haraka watuwie radhi, na waliokuja kusikia sifa tupu watuwie radhi zaidi.

Anisia alizaliwa tarehe 14 Mei 1941, Ushirombo, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa katekista Gelasius Lusana na mkewe Salvina. Alibatizwa siku ya nane. Alikuwa mtoto mwembamba, mkaidi, asiyependa kubebwa. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu binti alijifunza kusema “sitaki” kabla ya kusema “mama”, na waliomfahamu ukubwani hawakuona sababu ya kubisha.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1954. Kisha aliingia kwa masista kujifunza kazi za nyumbani kwa miaka miwili: kushona, kufua, kulea na kupika. Katika kushona alikuwa wa kawaida. Katika kupika hakuwa na mwenzake, na mwaka 1957 alichukuliwa jikoni kwenye nyumba ya mapadri akiwa na umri wa miaka kumi na sita.

Jiko lile lilisimamiwa na Sista Klara, mwanamke mfupi aliyetoka kijiji cha wakulima wa matufaha huko Ufaransa, ambaye hakusifia kitu isipokuwa kimekosekana. Mara mbili kwa mwaka lilifika kasha la matufaha kutoka milima ya Lushoto, kwa treni hadi stesheni ya Isaka, kisha kwa lori la misheni. Nusu yalikuwa yamechubuka njiani. Hayo yaliyochubuka ndiyo Sista Klara aliyompa Anisia ajifunzie kile alichokiita pai ya kupindua.

Inafaa ielezwe hapa jinsi pai hiyo inavyopikwa, kwa sababu mambo mabaya mengi yamesemwa juu yake katika miaka ishirini na mitano na watu ambao hawakuwahi kuuliza. Sukari kavu huwekwa katika kikaango cha chuma, bila maji, juu ya moto mdogo. Haikorogwi. Huanza kuyeyuka pembeni, na mpishi hutikisa kikaango taratibu mpaka yote igeuke maji ya rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea. Hapo hutiwa siagi, nayo hutoa povu na moshi. Matufaha yaliyomenywa na kukatwa robo hupangwa yakiwa yamebanana kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka, kisha hufunikwa kwa unga uliokandwa na siagi, ukasukumwa kama chapati nene. Pai huokwa, huachwa ipumue kidogo, halafu sahani hufunikwa juu ya kikaango na vyote viwili hugeuzwa kwa mara moja. Anayegeuza mapema huungua mkono. Anayechelewa huacha matufaha yake kwenye chuma.

Anisia aligeuza mapema mara moja tu, mwaka 1959, siku ambayo mgeni mkubwa wa kanisa alikuwa mezani. Sukari ilimmwagikia kiganjani. Hakupiga kelele. Alipeleka pai mezani kwa mkono mmoja, akarudi jikoni, akautumbukiza mkono katika ndoo ya maji na kukaa hapo mpaka masifu ya jioni. Paroko alikula vipande vitatu, na Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya dhambi ya ulafi. Anisia, mkono ukiwa kwenye kitambaa, alicheka kanisani, na baba yake akamfungia nyumbani siku mbili.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Kalisti Bujiku wa kijiji cha Ibambilo, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu Geita. Kalisti alikuwa mtu mpole. Wasifu huu utaeleza upole huo ulimgharimu nani.

Sista Klara alimpa bibi arusi matufaha tisa, kilo ya sukari na kikaango kimoja cha chuma. Wiki moja baada ya ndoa, Jumamosi tarehe 19 Oktoba, ilikuwa siku ya Anisia kuwasha moto wake wa kwanza uani kwa mama mkwe wake, Mageni, mbele ya wanawake wa ukoo. Kwa desturi ya nyumba ile, mke mgeni hasemi neno lolote siku hiyo mpaka mama mkwe amekula chakula chake na kumpa zawadi ya kumfungua mdomo. Anisia aliiheshimu desturi. Alipika kuku, akasonga ugali, na baada ya hapo, kwa kuwa alitaka kumpa mama mkwe kitu ambacho hakuna mkwe mwingine Ibambilo angeweza kumpa, akaweka sukari motoni.

Watu wa huku wanajua dawa za kienyeji hutengenezwaje. Mizizi huwekwa kwenye kigae juu ya moto, ikakaangwa mpaka iwe nyeusi, ikasagwa, ikalambwa. Wanawake wale walikuwa wameona hivyo tangu utoto. Hawakuwa wameona kamwe sukari ikikaangwa, maana sukari ni ya kutiwa chai.

“Anakaanga nini yule?” aliuliza mmoja.

“Sukari.”

“Sukari haikaangwi. Angalia inavyokuwa nyeusi.”

Mdogo wa kike wa Kalisti, Bernadina, alikuwa na miaka kumi na saba na ulimi mwepesi. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote: “Mama, mkweo anakuchomea dawa mbele ya macho yako. Wenzake hujificha, yeye hana hata hiyo aibu.”

Uani kote walicheka. Anisia alisikia kila neno, naye hakuruhusiwa kujibu. Aliweka makaa juu ya kifuniko, akangoja, kisha akageuza kikaango kwenye sahani.

“Huyu akipika anapindua,” Bernadina aliendelea. “Kaka, uangalie nyumba yako.”

Wakacheka tena, safari hii kidogo. Desturi iliyomfunga mdomo ilikuwa na maana ya kumfunza heshima. Siku ile iliacha utani utembee uani saa tatu nzima bila mtu wa kuukamata. Jua lilipoanza kushuka, wanawake wengi walikuwa wameshaaga, na kila mmoja aliuchukua utani ule kwenda nao kwake.

Mageni alikula vipande viwili. Alikuwa mwanamke wa haki, na wasifu huu unamtaja kwa heshima. Alimfunga Anisia khanga mpya mabegani, akamwambia: “Haya mayu, mama yangu, sema sasa. Ulikuwa unapika nini?”

“Matufaha, mama. Na sukari, na siagi.”

“Basi utanifundisha.”

Waliosikia maneno hayo walikuwa wanne tu: Mageni, Anisia, Kalisti na Bernadina.

Tarehe 28 Oktoba Mageni alishikwa na maumivu upande wa kulia wa tumbo. Kalisti alikuwa amerudi zamu Geita. Siku hiyohiyo Anisia alisema mgonjwa apelekwe hospitali. Bernadina alimjibu, “Wewe una siku ngapi hapa? Mama ni wangu,” na wazee wakamfuata binti wa nyumba. Mgonjwa alipelekwa kwa mganga, akakaa huko siku tano. Alipofikishwa hospitali tarehe 2 Novemba, daktari alimkuta na kidole tumbo kilichopasuka, akaandika hivyo kwenye cheti. Alifariki kesho yake.

Cheti kile alikabidhiwa Kalisti. Alikisoma, akakikunja, akakitia kwenye sanduku lake la nguo. Matanga hayajaisha, utani wa uani ulikuwa umeshageuka ushahidi. Wanawake waliocheka sasa walikumbuka kwamba hawakucheka, kwamba waliogopa tangu mwanzo. Kalisti aliwasikia. Mkewe alimwomba akitoe cheti akisome mbele ya ukoo. Alijibu kwamba maneno ya watu yatakwisha yenyewe, na kwamba hataki kumwaibisha mdogo wake kwa habari ya siku zile tano. Hivyo alimhifadhi mdogo wake, akamwacha mkewe uani. Mungu amrehemu. Hatuwezi kusema zaidi ya hapo bila kumtukana marehemu mwingine.

Wakajaliwa watoto wawili, Generosa mwaka 1964 na Donatus mwaka 1967. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, Kalisti akarudi kulima pamba na kuchimba dhahabu kwa mikono pamoja na wenzake. Anisia alirudi jikoni kwa mapadri mwaka 1967 na kufanya kazi humo miaka kumi na tisa, akitembea au akipanda baiskeli, akilala misheni siku za juma. Hakuchelewa kazini hata mara moja, na aliwakaripia waliochelewa.

Kila Krismasi, kama kasha la matufaha lilifika, alioka pai nyumbani, akakata kipande, akakipeleka mwenyewe kwa Bernadina, aliyekuwa ameolewa kijiji hichohicho. Kila Krismasi Bernadina alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante, akawamwagia kuku kabla mletaji hajafika kwake. Ndugu walimuuliza Anisia kwa nini anajitesa. Alisema, “Kuku wa Bernadina wanakula miaka yote na wanazidi kutaga. Nangoja siku atakapowauliza.”

Tusiseme hakuwa na kosa. Mwaka 1977 Bernadina alifiwa na mtoto wa miaka minne, na Anisia hakwenda msibani. Alikaa mlangoni kwake akichambua mchele huku watu wakipita. Hilo lilikuwa ovu, na aliungama. Kijiji hakikusahau, ingawa kilikuwa kimesahau mengine mengi.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa katika vijiji vya mistari, hakuna aliyekubali kujengewa karibu naye, na nyumba yake ikawekwa mwisho wa mstari, upande wa mbuga. Mwezi Machi 1979 Kalisti alifukiwa na shimo la dhahabu pamoja na wachimbaji wengine wawili. Wajane wa wale wawili walipelekewa unga na pole. Kwa Anisia walikuja kuangalia kama analia. Alikitafuta kile cheti cha hospitali katika sanduku la mumewe, hakukiona.

Mwaka 1983 aliitwa mbele ya mkutano wa kijiji kujibu tuhuma ya uchawi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Binti yake Generosa alikuwa na miaka kumi na tisa, amechumbiwa, na watu wa mchumba walikuwa wamekaa nyuma kusikiliza. Hapo ndipo Anisia alipojua hasa anachopigania. Alikuwa amezoea kuitwa mchawi. Hakuwa tayari Generosa aitwe mtoto wa mchawi.

Mzee aliyeongoza alimuuliza, “Siku ile ulipika nini?”

“Shikamoo kwanza.”

“Marahaba. Ulipika nini?”

“Matufaha, sukari, siagi na unga.”

“Mbona kilikuwa cheusi?”

“Sukari ikikaa motoni hugeuka.”

“Sukari ni nyeupe, Mama Generosa.”

“Na mahindi ni meupe, mzee, mpaka uyachome.”

Baadhi walicheka, na kwa dakika moja mambo yangeweza kugeuka. Kijana mmoja akasema basi apike hapa tuone. Wengi wakaunga mkono. Anisia akakubali mara moja, akasema kikaango anacho, hata matufaha si lazima, watu waone sukari tu. Ndipo ikakumbukwa kwamba duka la kijiji lilikuwa halijaona sukari kwa miezi minne. Aliulizwa nani ana sukari nyumbani. Mwaka ule aliyekuwa na sukari hakuinua mkono mbele ya mkutano, maana angeulizwa ameitoa wapi. Watu mia mbili walitazama chini, na miongoni mwao walikuwamo waliokunywa chai tamu asubuhi hiyo.

Kisha akasimama Bernadina. Alisema: “Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Ilikuwa dawa.”

Kijiji kilimtenga Anisia. Asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, asizikwe na mtu. Watu wa mchumba waliondoka kabla mkutano haujafungwa, na Generosa hajaolewa mpaka leo. Ndugu wa Anisia waliokuwa Ushirombo walimchukua. Hata hao hawana cha kujivunia. Wapo wenye elimu waliomshauri anyamaze kwa ajili ya amani, na aliyeandika wasifu huu ni mmoja wao. Alikosea. Hapakuwa na amani ya kulinda.

Aliishi Ushirombo katika chumba karibu na misheni, akafanya kazi jikoni hadi mwaka 1986 alipoanza kushindwa kumeza. Mwaka 1987 hospitali kubwa ya Mwanza ilikuta saratani ya koo la chakula. Alirudi nyumbani akauguzwa na Generosa, ambaye ni muuguzi kwa kazi na aliyekuwa muuguzi wa mama yake bila siku ya mapumziko kwa miezi kumi na minne. Mwishoni Anisia alimeza uji kwa kijiko cha chai. Hata hivyo alikuwa akimwelekeza Generosa kutoka kitandani namna ya kutikisa kikaango, na alikasirika sana sukari ilipoungua kupita kiasi. Alitambua kwa harufu.

Jumapili tarehe 21 Agosti 1988, baada ya misa ya pili, Bernadina alikuja. Hakuwa ameitwa. Chumbani walikuwamo Generosa na mdogo wa marehemu, Eustace, nao wote wawili wako tayari kuapa juu ya maneno haya.

Bernadina alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Alisema, “Wifi, unaendeleaje?”

“Unaniona.”

“Nimekuja kusema kitu.”

“Sema, mimi sina pa kwenda.”

Bernadina akasema, “Siku ile mimi ndiye niliyeosha vyombo. Kikaango nilikilamba. Nilikikwangua kwa kijiko mpaka chuma kikang'aa.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nilijua ni sukari.”

“Tangu siku ile.”

“Tangu siku ile. Mama alipokufa, kila mtu aliuliza nani alimchelewesha. Nilikuwa na miaka kumi na saba, wifi. Wakaanza wenyewe kusema habari ya dawa. Mimi niliacha tu waseme.”

“Mwaka wa themanini na tatu hukuacha. Ulisimama.”

Bernadina akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha, na Anisia akamzuia kwa mkono.

“Inuka. Sitaki uniombe humu chumbani, tukiwa wanne. Ulinisema uani na ukanisema mkutanoni. Urudi huko huko ukaseme.”

“Siwezi, wifi. Nina watoto wanaooa.”

“Na mimi nina mmoja ambaye hakuolewa. Huyo hapo, amesimama nyuma yako.”

Bernadina hakugeuka kumtazama. Alisema, “Nitasema siku ya mazishi yako.”

“Siku hiyo mimi sitasikia.”

“Ndiyo maana nitaweza.”

Anisia alimtazama, kisha akasema, “Haya. Lakini Eustace ataandika, na wewe utakuwa umekaa hapo akisoma.” Bernadina akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka, Anisia aliomba maji, akashindwa kuyameza, akalala mpaka jioni.

Alifariki Jumapili tarehe 11 Septemba 1988, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepokea sakramenti zote, mkono wake ukiwa katika mkono wa Generosa.

Wengi waliofika leo wametoka Ibambilo. Familia inawashukuru kwa kuja, na inawakumbusha kwamba kwa amri yao wenyewe ya mwaka 1983 hawakupaswa kuwa hapa. Amri hiyo haijafutwa. Haitafutwa kwa kunyamaza wala kwa kushika jembe na kusaidia kufukia. Waliokuwa na sukari siku ya mkutano wanajijua, na kila mmoja atajibu kwa nafsi yake.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Salvina; watoto wawili, Generosa na Donatus; mjukuu mmoja kwa Donatus; ndugu watatu; na wifi mmoja, Bernadina Bujiku, aliyekaa mstari wa pili upande wa kina mama.

Katika ratiba iliyo mikononi mwenu, baada ya wasifu na kabla ya kushusha jeneza, pameandikwa: “Neno la wifi wa marehemu.” Paroko amekubali kungoja. Wachimba kaburi wameombwa waweke majembe chini. Mama Bernadina, tunakuomba usimame.

Mwenyezi Mungu ampe Anisia pumziko. Sisi waliobaki tusipumzike mpaka neno hilo limesemwa.